Mjibu Matusi wa Muhima

Mwaka 1993, katika ofisi ya chama kule Muhima, Kigali, kazi ya mzee mmoja Mwislamu ilikuwa kujibu matusi. Kila asubuhi aliyasoma magazeti ya wapinzani akiwa amesimama, kofia ya darizi kichwani, penseli sikioni. Kisha aliketi mbele ya mgombea, Mama Mukandekezi, na kumtukana kwa sauti ya hao wapinzani, polepole, kama fundi cherehani anayepima bega. Jibu la hasira la mama alilikataa. Jibu fupi aliliandika.

Siku hiyo tusi lilikuwa "Mswahili", neno ambalo Kigali lilimaanisha Mwislamu, na pia tapeli.

"Hii iko rahisi," alisema mama. "Mimi si Mswahili, mimi iko mtu mwaminifu."

Penseli haikusogea.

"Andika basi, mzee."

"Nitaandika, mama. Mkutano ya kesho iko wapi?"

"Biryogo."

"Na Biryogo inakaa watu gani?"

"Waislamu," alisema mama, akaitazama ile kofia, kisha sakafu. Mzee alikohoa kidogo, akairudia sauti ya wapinzani bila kuipunguza ukali.

"Wewe Mswahili!"

"Ndiyo," alisema mama. "Sasa tusi iko wapi?"

Hilo aliliandika.