Kinyozi Kuramochi na Vita vya Fyuzi

Yasuaki Kuramochi, kinyozi wa Inzai mkoani Chiba, aliamini kwa muda mrefu kwamba mji mzima uko upande wake. Hakuamini hivyo kwa kiburi tu. Kila mteja aliyeingia dukani kunyoa ndevu aliulizwa swali lile lile, kiti kikiwa kimelazwa nyuma, povu shingoni na wembe ukielea juu ya koromeo.

"Hebu niambie, mzee wangu. Hizi bunduki za umeme za kuchezea, ungetia fyuzi au usingetia?"

"Ningetia," mteja alijibu, kidevu hakitikisiki.

"Umesikia, Sumie?" Kuramochi alimgeukia mkewe aliyekuwa akifagia nywele. "Na huyu ni karani wa posta, mtu mwenye akili zake."

"Huyo ana wembe kooni, baba. Ungemuuliza kama yeye ni bata angekubali."

Vinyozi wa mji ule hupumzika Jumatatu, na siku hiyo ndiyo Kuramochi alikwenda vitani. Vita vyenyewe vilikuwa kwenye msitu wa mianzi nje ya mji, ambako watu wazima wenye miwani minene ya plastiki walijificha vichakani wakitupiana vidonge vidogo vya plastiki kwa bunduki za betri. Timu yake iliitwa Pumziko la Jumatatu, kwa kuwa wote walifunga kazi siku hiyo. Mchezo ule hauna wa kuhesabu nani kapigwa. Kidonge kikikugusa, unanyoosha mkono, unapaza sauti "Nimepigwa!", unatoka mwenyewe. Watu wa pale wangekufa kwa aibu kabla ya kudanganya.

Rafiki yake mkubwa katika timu, na tangu shule ya msingi, alikuwa Mitsugu Onodera, mpishi wa tambi. Kuramochi alikula tambi za Onodera kila mchana. Onodera alinyolewa na Kuramochi, na kabla yake alinyolewa na baba yake Kuramochi. Hakuna mkono wa ukoo mwingine uliowahi kugusa kichwa kile.

Kilichowagombanisha ni kichupa cha kioo kisichozidi punje ya haragwe. Fyuzi hukaa kwenye waya unaotoka kwenye betri. Giya zikikwama au nyaya zikipiga shoti, yenyewe inaungua kwanza, umeme unakatika na bunduki inabaki salama. Kuramochi aliipenda kama mtu anavyompenda mlinzi wake. Onodera aliiona kama mwizi, akisema inakula umeme njiani, mota inazubaa, vidonge vinatoka vikipiga miayo. Akaing'oa yake, akaunganisha waya moja kwa moja, na bunduki ikaanza kulia kama cherehani iliyopandwa na hasira.

Yasingefika mbali, lakini fyuzi za Kuramochi zilikuwa na tabia ya kuungua wakati mbaya. Jumatatu moja aliwakuta maadui wakila maandazi ya mchele nyuma ya kisiki, wamempa mgongo. Akalenga, akabonyeza, na bunduki ikatoa sauti kama ya mtu anayekohoa kwa adabu. Basi. Maadui wakageuka. Mmoja wao, Bi Chizuru Hagiwara, mwalimu wa kupanga maua, alimwonea huruma.

"Pole, Bwana Kuramochi. Ni fyuzi tena?"

"Ni fyuzi, mwalimu."

"Basi badilisha, sisi tunakusubiri."

Wakamsubiri. Alipomaliza, wakampiga.

Mchana ule, mbele ya timu nzima, Onodera alicheka mpaka akakaa chini. "Yasu, wewe huendi vitani. Unakwenda kufungua karakana msituni!"

"Heri karakana kuliko bomu," Kuramochi akajibu, masikio yamemwiva. "Na sasa najua kwa nini mchuzi wako una chumvi vile. Unapika kwa akili hiyo hiyo."

Kicheko kikakatika. Mambo ya bunduki yalikuwa mambo ya bunduki, lakini mchuzi ule ulikuwa wa marehemu mama yake Onodera.

Tangu siku hiyo kinyozi hakukanyaga kwa mpishi, na mpishi hakukanyaga kwa kinyozi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekwenda kwingine. Mji ulijaa vibanda vya tambi, lakini Kuramochi aliona kula huko ni sawa na kumsaliti mke, akawa anajilia wali baridi na kachumbari, mkanda wake ukirudi tundu baada ya tundu. Onodera naye aliachia nywele. Kiangazi kikapita, zikashuka masikioni. Majani yakaanza kuwa mekundu, zikamfunika macho, akawa anakata vitunguu kwa kunusa. Wateja wake walianza kuchungulia bakuli kabla ya kula.

Sumie aliendelea kula kwa Onodera bila kujificha.

"Shemeji, yule bwana anaendeleaje?" Onodera aliuliza siku moja, akizisogeza nywele kama pazia.

"Amekonda."

"Vizuri." Akaongeza kipande cha samaki kwenye bakuli la Sumie. "Amekonda sana?"

Wote wawili waliendelea kwenda msituni kila Jumatatu, timu moja, hawasemezani. Mpaka ikaja ile Jumatatu ya upepo.

Onodera alikuwa amelala kifudifudi kwenye handaki, anamvizia adui ambaye kwa nywele zile asingemwona hata akimkanyaga. Bunduki yake ikalia kidogo, ikakwama. Ndani, waya uliochubuka ukagusa chuma. Moshi ukaanza kutoka kwenye kitako cha bunduki, mweupe kwanza, kisha wa kijivu wenye harufu ya mpira.

Kuramochi aliuona kutoka kwenye mianzi. Alisahau miezi yote, akakimbia ameinama, akajitupa handakini.

"Mitsugu! Itupe hiyo, toka! Betri inaungua!"

"Sitoki. Sijapigwa."

"Una wazimu? Bunduki inawaka!"

"Nikiinuka watanipiga. Na nikitoka bila kupigwa nitakuwa mtu gani?"

"Utakuwa mtu mzima!"

"Nipige wewe basi," Onodera akasema, machozi ya moshi yakimtiririka. "Ukinipiga natoka kihalali. Hata kidonge cha mwenzako kinahesabika."

Kuramochi akamwekea mtutu kwenye buti, akabonyeza. Bunduki ikakohoa kwa adabu. Wakatazamana, au tuseme mmoja akatazama nywele.

"Usiniambie," Onodera akasema.

"Fyuzi."

Kinyozi hakuwa na njia nyingine. Akasimama wima katikati ya uwanja wa vita, mikono juu, akaita kwa nguvu zake zote. "Mwalimu Hagiwara! Samahani sana kwa usumbufu! Ungeweza kuja kumpiga Onodera?"

Bi Hagiwara akajitokeza kwenye kichaka, kofia imejaa majani aliyoyapanga kwa mikono yake, kila jani mahali pake. "Yuko wapi?"

"Huku penye moshi."

"Nilidhani mnapika!" Akaja mbio, akainama, akasema "Samahani," akampiga Onodera kidonge kimoja cha buti.

"NIMEPIGWA!" Onodera akapaza sauti kwa furaha ambayo msitu ule haukuwa umewahi kuisikia. Akatoka handakini, mkono mmoja juu, mwingine umeshika bunduki inayofuka kama samaki wa kukaushwa, na wakati akiitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga, nywele zake za mbele zikashika cheche. Kuramochi alizizima kwa kofi. Halafu akampiga la pili, lile la miezi yote.

Jioni hiyo duka lilifunguliwa ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Onodera alikaa kitini akinuka moshi, na alipolazwa nyuma akaona wembe unakuja.

"Usiniulize," akasema.

"Sijauliza kitu."

"Mkono wako unauliza."

Kuramochi akanyoa, akimgeuza kichwa kwa vidole viwili alivyofundishwa na baba yake. Sumie alileta chai, akawakuta wote wawili wana macho mekundu, nao wakasema ni moshi.

Onodera alitengeneza bunduki yake upya na akatia fyuzi, akamwonyesha kila mtu. Baada ya wiki chache Kuramochi, alipoifungua kuikagua, aligundua kwamba pembeni ya fyuzi ile kulikuwa na waya mwingine mnene, unaoiruka kabisa, kwa hiyo fyuzi ilikaa pale kama mgeni wa heshima asiyefanya kazi yoyote. Alifungua mdomo aseme. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, Jumamosi iliyopita, alikuwa ameweka kwenye bunduki yake fyuzi kubwa mara mbili ya inayotakiwa, ili isiungue. Akaurudisha mfuniko wa bunduki ya Onodera, akakaza skrubu vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Ikoje?" Onodera akauliza.

"Safi," kinyozi akasema. "Twende, mwalimu anatusubiri."