Kikombe cha Mbegu za Mrehani

Juzi, sokoni Kasongo, mama mmoja alikuwa akiloweka mbegu za mrehani kwenye bilauri. Harufu ya majani ya mrehani yaliyokuwa kando yake ilinirudisha Kabambare, mchana ule kaka yangu Saidi alipokuwa mgonjwa.

Alikuwa hajapata choo siku nne, hataki chakula, na tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Shangazi alifika kutoka Wamaza, akamimina mbegu chache nyeusi za mrehani katika kikombe cha maji. Nikachungulia. Polepole kila mbegu ilivaa koti jeupe la utelezi, mpaka kikombe kizima kikawa macho yanayonitazama.

“Shangazi, haya ni mayai ya chura!”

“Hapana, mutoto. Ni mbegu tu. Zinakunywa maji, zitalainisha tumbo yake.”

Sikumwamini. Saidi alipokunywa, nilimnyang’anya kikombe nikameza yaliyobaki, ili asife peke yake.

Leo najua ni utelezi tu ulioshika maji, lakini bado nastaajabu. Asubuhi baada ya kikombe kile, Saidi alitoka mbio kwenda chooni. Aliporudi, alisimama mlangoni akitabasamu.

“Mama, iko bugali?”

Mama, ambaye siku zote nne hakutoa chozi, alikaa chini akalia.