Peasi za Kabla ya Mwaka Elfu Mbili

Baba alisikia redioni kwamba mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zitachanganyikiwa na kudhani tumerudi nyuma miaka mia. Nyumbani kwetu milimani, juu kidogo ya mji mdogo wa Soni, hatukuwa hata na umeme. Lakini habari ilipofika sokoni ilikuwa imeshakua: magari hayatatembea. Peasi zetu zilikuwa za kukomaa Februari, na ndizo zingempeleka dada kidato cha kwanza, hata kama angechelewa wiki chache.

Baba akaamua tuvune Desemba.

"Lori la mnunuzi wetu linawashwa kwa kusukumwa," mama alisema. "Kompyuta imo wapi humo?"

"Na mafuta yake yanatoka wapi?" baba akauliza.

"Mombo, huko chini barabara kuu."

"Na hapo Mombo yanatoka wapi?"

Dada akachukua tenga, tukavuna.

Mnunuzi alibonyeza peasi moja kwa kidole gumba, akairudisha. "Mgosi," alisema, akimwita baba 'bwana' kwa lugha ya kwetu, "haya ni mawe. Nitapita zikiiva."

Tukazifunika majani makavu ya mgomba chumbani kwa wazazi. Zilinyauka bila kuiva. Dada alikaa nyumbani mwaka mzima wa elfu mbili, akaanza shule mwaka uliofuata.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikuwa nikisimulia kisa hiki ili watu wacheke, nao walicheka. Kisha mwalimu mmoja akatueleza kwamba hitilafu ile ya kompyuta ilikuwa ya kweli, na kwamba watu walikesha wakiirekebisha kabla mwaka haujageuka. Nikayakumbuka maswali ya baba. Mafuta yanatoka Mombo, na kabla ya hapo bandarini, na bandarini kuna mashine. Mimi, ninayejisifu kuhoji kila kitu, nilikuwa nimeishia kwenye swali la mama kuhusu lori.

Hata hivyo siwezi kusema alikuwa sahihi. Peasi zilikuwa mbichi na alikuwa akiziona. Ninachojiuliza hadi leo ni mtu afanye nini na swali zuri ambalo hana wa kumjibu, na msimu haumsubiri.

Februari ile, baada ya mwaka kuingia, lori lilikuja, likajazwa peasi za majirani. Likagoma kuwaka, kama kawaida yake. Dereva akamwona baba amesimama kando.

"Mgosi, tupe bega basi. Au unaogopa kompyuta?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, akaenda nyuma ya lori, akaegemeza bega. Dada, ambaye wenzake saa ile walikuwa darasani, akatua kuni zake, akaenda kusukuma pembeni yake.