Gemu Iliyofuta Ng'ombe Wetu

Walisema sitamaliza. Mwalimu wa darasa la sita alisema sitamaliza shule, jirani yetu akasema sitamaliza hata msingi wa nyumba, na wenzangu wa machungani wakasema lile lango la kwenye gemu sitalifungua mpaka nizeeke. Leo nina diploma ya umeme. Nimefanya kazi Mwanza na Dar es Salaam, nimerudi Bariadi, nimejenga nyumba ya vigae inayoonekana tangu barabarani. Mwalimu nilimwalika chai humo ndani, akanywa na kuondoka bila kutoa kasoro. Lilikuwa limebaki lango.

Gemu yetu ya utotoni imetengenezwa upya, ndugu yangu, na mimi si mtu wa toleo la kawaida. Niliagiza lile la wakusanyaji. Kasha lilikuja na basi kutoka Mwanza, zito kama debe la mahindi. Ndani mlikuwa na sanamu ya shujaa, ramani ya kitambaa na kitabu cha picha chenye jalada gumu. Nikatafuta diski. Nikapindua kasha, nikapapasa hadi kwenye mikunjo ya maboksi. Hakuna. Kulikuwa na kikadi chenye namba za siri tu, maana yake gemu yenyewe ukaivute mtandaoni kwa bando lako. Nikaanza kuivuta, umeme ukakatika. Nikawasha jenereta, mtandao nao ukaondoka. Fundi umeme mzima, nimekaa sebuleni kwangu nikitazama mstari unasogea kama fahali aliyekataa jembe.

Hasira hiyo ndiyo iliyonirudisha kimawazo kwenye kibanda cha utotoni.

Kibanda cha gemu kilikuwa nyuma ya ghala la pamba. Msimu wa kuuza, nyuzi nyeupe zilipeperuka mpaka juu ya tivii, na harufu ya magunia ikachanganyika na ya vitumbua vilivyokaangwa mlangoni. Mwenye kibanda aliuza mchezo kwa dakika. Karibu watoto wote walicheza gemu ya mpira. Gemu yetu sisi ilikuwa ya safari: una kijana wako, anatembea nchi nzima akiongea na watu na kupigana na mazimwi, anaongezeka nguvu kidogo kidogo, mpaka alifikie lango lililo mwisho wa dunia. Safari kama hiyo haiendi kwa dakika za mtu mmoja. Na aliyejua kusoma Kiingereza chake ni mimi, au tuseme nilikisia vizuri kuliko wengine. Basi wenzangu watatu niliochunga nao, mrefu, mfupi na mtoto wa jirani, wakanikopesha zamu zao. Waliketi nyuma yangu wakitafuna michembe ya bibi yangu, viazi vikavu vinavyolia kama kokoto mdomoni, mimi nikicheza na kuwatafsiria kwa Kisukuma. Makubaliano yalikuwa haya: nitawalipa kwa kuwaonyesha kilichoko nyuma ya lango. Mrefu alisema ni bibi harusi. Mfupi alisema dhahabu. Mtoto wa jirani alisema malisho, tukamcheka.

Katika gemu ile kulikuwa na soko. Mtu wa mjini angenunua upanga. Sisi tulinunua ng'ombe. Vitani hawakusaidia chochote, lakini bibi alituambia kila siku kwamba fedha ni mgeni, ng'ombe ndiye mwenyeji. Kila tulipoua zimwi na kupata dhahabu, mrefu alinigonga bega: "Nunua mwingine, bhabha. Yule wa mabaka." Tuliwapa majina ya ng'ombe wetu wa kweli. Hivyo kijana wetu akafika langoni akiwa na fimbo aliyoanza nayo, huku nyuma ameacha zizi la kifahari. Nyoka anayelinda lango akammeza. Tukarudi, akammeza tena.

"Tuuze wawili tununue upanga," nilisema.

"Kauze wa baba yako," mrefu akanijibu.

Tukiwa bado tunabishana nani auzwe, wacheza mpira wakahifadhi ligi yao juu ya safari yetu. Memori kadi ya kibanda, ile inayotunza ulipofikia, ilikuwa hiyo moja tu. Zizi lote likapotea mchana kweupe, na mfupi alilia kama aliyevamiwa na wezi wa mifugo. Mimi nikaenda sekondari, kibanda kikafungwa, deni likabaki.

Hatimaye toleo jipya likafunguka. Picha ni nzuri, sitasema uongo. Hata majani yanatikisika. Lakini kuna mshale unaokuelekeza kila hatua, kana kwamba wewe ni mgonjwa unayeshikwa mkono kwenda msalani. Nikaenda moja kwa moja sokoni. Ng'ombe wapo, wamenona, wanapepea masikio. Ukimkaribia mmoja, hautokei ujumbe wowote. Nilibonyeza kila kitufe. Hanunuliki, ni pambo. Nikanunua upanga kwa uchungu.

Jumapili moja baada ya ibada nikawaita wadai wangu. Mrefu sasa anaendesha bodaboda, mfupi anapima pamba kituoni, mtoto wa jirani alikuja kutoka Nyashimo anakouza mchele. "Mwadila," wakasalimu, wakavua viatu. Mke wangu akaleta soda na biskuti. Mkono wa kukausha michembe nyumbani kwetu ulikwenda na bibi.

"Mwenye diploma," mrefu alisema akiigeuza ile sanamu, "na huyu mdoli naye kasoma?"

"Ng'ombe wetu wako wapi?" mfupi akauliza.

"Wameondolewa."

"Na nani?"

"Na waliotengeneza upya."

"Walimwomba nani ruhusa?"

Nikageukia tivii, nikampiga nyoka kwa upanga. Hakusumbua hata kidogo. Lango likafunguka.

Nyuma yake palikuwa na uwanda wa majani mabichi mpaka upeo wa macho, upepo ukiyalaza na kuyainua. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda juu. Basi.

"Nilisema," mtoto wa jirani akanong'ona.

"Malisho yote haya," mfupi akasema, "na hakuna hata ndama."

Mrefu akanipa mkono. "Umelipa, bhabha. Hatukudai."

Nikawasindikiza nje. Pande zote ni viwanja vilivyozungushiwa kuta, ukuta wangu ukizipita zote kwa kimo, na mrefu alihangaika kupata nafasi ya kugeuza pikipiki. Akatulia, akaitazama nyumba yangu.

"Yule wa mabaka, yule wa kweli," alisema, "alizalia pale ilipo sebule yako."

Wakaondoka. Nikafunga geti.