Maji ya Mama Mkubwa

Siku kaka yangu alipomleta mchumba wake nyumbani, mama alimpokea kwa glasi ya maji. "Kunywa, mwanangu. Haya si ya bomba letu. Haya ni matamu, nayafuata kwa dada yangu." Mgeni mwingine angekunywa, akashukuru, yakaisha. Huyu alikunywa, akainua glasi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza, "Matamu kwa nini, mama?"

Kwetu habari za mama mkubwa haziulizwi. Yeye na mama waligombana kabla mimi sijazaliwa, na chanzo cha ugomvi kila mmoja ana chake. Kilichobaki kati yao ni maji tu. Kila Jumapili alasiri mama hubeba dumu lake, huvuka mitaa miwili, hufungua geti la dada yake na kuchota kwenye tangi. Nimewahi kumsindikiza. Mama mkubwa hutoka akasimama mlangoni.

"Tangi limejaa?" mama huuliza.

"Limejaa."

"Haya."

Basi, hayo ndiyo mazungumzo ya ndugu wa tumbo moja. Ila mgeni wetu hakuyajua hayo, na hata angeyajua sidhani kama angejizuia. Siku hiyohiyo nikampa jina la Bi Kwa Nini. Ni wifi yangu, utani naye ni haki yangu, na jina limemganda mpaka leo.

Wifi ni mpimaji wa maji. Asubuhi huzunguka mjini na boksi lenye barafu, akikinga maji kwenye mabomba ya shule, ya zahanati na ya nyumba za watu. Mchana huyapima maabara, na jioni huosha chupa za kesho. Ni kazi ya kutwa na haina mchezo, maana akikosea yeye mji mzima unaharisha. Juu ya kazi hiyo akaenda chuo kikuu na swali la glasi yetu, likawa tasnifu ya uzamivu. Alitaka kujua kwa nini watu wa mji mmoja, wanaokunywa maji ya mtambo mmoja, huapa kwamba ya nyumba ile ni matamu na ya nyumba hii hayanyweki. Hata tangi la mama mkubwa hujazwa na bomba lilelile linalokuja kwetu.

Aliandika alfajiri kabla ya kazi. Aliandika saa ya chakula, sahani upande huu na chupa upande ule. Alianza mwanawe akiwa tumboni, na sasa mtoto huyo yuko shule na alilijua neno tasnifu kabla ya neno likizo. Mama akamwonya, "Mshika mbili moja humponyoka." Wifi akajibu, "Ndiyo maana nimeuma na meno, mama."

Mwaka huu chuo kikachoka kumsubiri. Msimamizi wake alimwambia wazi kwamba muhula ukiisha hajakabidhi kazi, jina linafutwa na miaka yote hiyo inakwenda na maji. Bahati nzuri alikuwa amebakiza kidogo tu. Alikuwa amewaonjesha watu wa mitaa mingi maji ya bomba na ya matangi, kwenye vikombe vilivyofanana, na hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Kwa hiyo jibu lake lilikuwa kwamba utamu wa maji uko kichwani mwa mnywaji. Msimamizi alilipenda sana jibu hilo. Mimi lilinichefua kidogo, lakini mimi ni nani?

Jumapili moja asubuhi akataka kumalizia na mwonjaji wa mwisho, naye ni mama. Akapanga vikombe viwili mezani, akavijaza kutoka kwenye chupa zake. Mama akaonja cha kwanza, akaonja cha pili, akatikisa kichwa.

"Yote ya kwa dada."

"Kimoja ni cha bomba letu, mama," wifi akasema taratibu.

Kaka akaangua kicheko. "Mama umezeeka! Ulimi umestaafu!"

Mama hakucheka. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akakinga maji kwenye kikombe na kupiga funda moja. Akayatema palepale kwenye sinki.

"Hili ndilo bomba letu. Hilo ulilonipa mimi silijui. Ulimi wangu haujazeeka, nyie watoto ndio mmekua vibaya."

Kaka aliendelea kucheka. Wifi yeye alimfuata mama jikoni na chupa yake. Alikinga maji ya bomba, akayaonja. Akaonja ya chupani, aliyoyakinga mwenyewe kwenye bomba hilohilo alfajiri ile. Akarudia. Kisha akanipa mimi nionje, na kweli, ya bombani yalinuka dawa na ya chupani hayakunuka kitu.

"Bomba moja," alisema. "Kwa nini?"

Akakaa chini jikoni, mgongo kwenye kabati, na hatukumpata tena siku ile.

Jibu alilikuta kazini, kwenye mikono yake mwenyewe. Maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu. Ukiyapeleka maabara hivyohivyo, klorini huendelea kuua njiani, na ukifika huwezi kujua bombani mlikuwa na nini. Kwa hiyo kila chupa ya kazini hutiwa kwanza matone ya dawa nyingine inayoikata klorini. Osha, suuza, tia matone, funga. Wifi amefanya hivyo jioni baada ya jioni kwa miaka, huku akipiga soga na wenzake. Kesho yake jioni aliamua kuosha chupa zake za tasnifu huku akiitazama mikono, na mikono ikamsaliti mbele ya macho yake: ikaosha, ikasuuza, ikatia matone, ikafunga. Kumbe watu wote wale walikuwa wakionja maji yaliyokwisha kutolewa harufu. Wangeyatofautisha kwa kitu gani?

Alinisimulia akiwa amekaa kitandani kwangu, macho mekundu. Nililia naye. Muhula ulikuwa ukingoni. Msimamizi alikuwa amemshauri aandike ukurasa mmoja tu wa udhaifu wa utafiti, akabidhi, amalize.

"Si ukubali?" nikamwambia. "Umechoka, wifi. Na sisi tumechoka kukuangalia."

"Ningekubali ungekuwa udhaifu," akasema, akifuta pua. "Lakini ndilo jibu lenyewe. Nimezunguka mji mzima nikilitafuta, na nililitia chupani kwa mkono wangu." Halafu akaanza kucheka huku machozi bado yanamtoka, nami nikajua huyu hakubali.

Aliomba likizo yake ya mwaka. Bosi alinuna, akampa. Mitaa yote ile ikarudishwa mezani kuonja upya: maji ya bomba, ya tangi, yenye matone na yasiyo na matone. Jirani mmoja alilalamika kwamba utafiti gani huu hauna hata soda. Safari hii watu waliyajua maji ya bomba bila kubahatisha. Yakitiwa matone, wote walipotea, na mama yangu akapotea pamoja nao. Wifi aliivunja sura kubwa kuliko zote katika tasnifu na kuiandika upya, akala akiwa amesimama, akakabidhi siku ya mwisho ofisi ikiwa inafungwa. Baadaye akaitwa kujibu maswali ya maprofesa, na kwa maswali hakuna wa kumtisha. Akarudi daktari.

Tulikula pamoja siku hiyo. Kaka, kwa majivuno, akagonga glasi. "Haya, Daktari. Tuambie kwa lugha yetu. Maji ya mama mkubwa ni matamu kwa nini?"

Nilijaribu kumkanyaga wifi mguu chini ya meza, nikamkanyaga kaka.

"Kwa sababu yanakaa," wifi akasema, uso unang'aa. "Yakikaa kwenye tangi, klorini inaruka hewani yenyewe. Hata hapa, mama, ukiacha ndoo wazi jioni, ikifika asubuhi ni matamu yaleyale ya tangi. Huna haja ya kuhangaika na dumu."

Mama aliacha kutafuna. "Ndoo tu?"

"Ndoo tu."

"Haya," mama akasema, akaanza kukusanya sahani, na nyingine zilikuwa bado zina chakula.

Nilimvuta wifi ukumbini, hasira zimenipanda. "Msomi mzima! Hujawahi kujiuliza mtu anabeba dumu mitaa miwili kwa nini?" Alinitazama. Nikaona swali likimwingia, likashuka, likafika. Akajishika mdomo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki ile mama aliacha ndoo wazi jikoni, na asubuhi akanywa. Hakusema ni matamu wala si matamu. Jumapili ikafika. Alasiri ilipoingia tulikuwa sebuleni tukijifanya tuna shughuli. Mama akatoka chumbani amevaa gauni lake la kutokea, viatu amevipangusa. Akapita karibu na dumu, hakulishika.

"Mama, dumu lako," kaka akasema.

"Nimeliona. Leo sifuati maji."

Geti likalia nyuma yake. Bi Kwa Nini alifungua mdomo, nami nikajiandaa. Kisha akaufunga. Akachukua dumu lile, akalisuuza, akaligeuza juu chini kwenye ngazi ya nyuma likauke. Giza lilipoingia mama alikuwa hajarudi, na hakuna aliyekwenda kumwita kwa mama mkubwa.