Mzeituni Pori Niliounenepesha kwa Samadi

Mama yangu ana presha, na mimi nina kiti changu cha kukalia kutwa. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili havikuelewana. Yeye alikuwa anakunywa maji ya majani ya mzeituni pori, machungu ya kukunja uso, na mti wenyewe uko juu ya kilima, katikati ya mawe, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapandi. Aliyetumwa kila wiki ni mimi.

Basi nikaitumia elimu yangu ya kidato cha nne. Nikang'oa mche, nikaupanda nyuma ya zizi, hatua kumi kutoka kwenye kiti. Huku Tarime ukiupenda mmea unaulisha kama ndama. Nikaumwagia samadi toroli baada ya toroli, kisha mbolea ya kukuzia iliyobaki kwenye mahindi. Ukanenepa. Majani mapana, laini, yanang'aa. Nikawaita majirani waje wamwone bwana shamba.

"Baba," mama akaniita, maana nimerithi jina la baba yake, "leo umenichemshia mchicha?"

"Mama, kwani uchungu ndio dawa? Wewe kunywa."

Akanywa. Vidonge vya zahanati vikaendelea kulala kwenye sanduku lake la nguo, kwa kuwa nyumbani alikuwa na mtaalamu. Mwezi wa pili wa kunywa majani yangu akaanza kizunguzungu, akawa anashika ukuta akienda jikoni. Nikampakia kwenye bodaboda hadi zahanati.

Muuguzi akamwamkia shikamoo, akapima, akapima tena. Hakutabasamu. Mama akamsimulia habari za mti wangu kwa ufasaha ambao sikuuomba.

"Kaka," muuguzi akanigeukia, "ule wa kwenye mawe unashinda na jua na njaa, ndiyo maana unajitengenezea uchungu wa kujikinga. Wako umeshiba. Unatoa majani tu."

"Kama mwenyewe," mama akasema.

"Na hata ule mchungu haushiki nafasi ya vidonge, mama. Kwa kipimo hiki ungeanguka jikoni."

Hapo utani ukanikauka mdomoni. Nilikuwa nimemnywesha mama yangu supu ya mboga huku nikijiita daktari.

Kesho yake asubuhi nikampa kidonge na kikombe cha maji, nikamwambia kinamezwa. Akakitafuna, polepole, akinitazama, mpaka uso wote ukamkunjamana.

"Sasa hii ndiyo dawa," akasema. "Kesho unipe mapema."