Matairi ya Gari Jekundu la Arlys

Verlin Haugstad alifundisha udereva katika shule ya mji mmoja mdogo wa Dakota Kaskazini hadi mvi zikamtawala kichwa chote. Nusu ya mji ilijifunza kuendesha kutoka kwake. Hata mchungaji wa Kilutheri alipita mikononi mwake, na waumini wenye ulimi walidai kwamba tangu hapo alikuwa akitupa jicho nyuma hata akiwa madhabahuni.

Alipostaafu aliuza nyumba, kisha ndipo akamuuliza mkewe, Arlys, anaonaje wakiuza nyumba. Akanunua gari-nyumba: basi zima lenye kitanda, jiko na choo, na ubavuni limechorwa tai mkubwa aliyekunjua mabawa. Wazee wa kule hupanda magari ya namna hiyo kila theluji inapokaribia, wakashuka nayo hadi jangwa la Arizona. Na kwa kuwa basi la ukubwa ule haliendi dukani kununua maziwa, Verlin alilifunga nyuma yake gari dogo jekundu la Arlys, akalivuta kwa chuma, magurudumu yote manne yakiwa chini.

Msimu wa kwanza haujaisha, matairi ya mbele ya gari jekundu yalikuwa yamelika kingo zote, yamechakaa kama soli ya kiatu cha mlevi. Yale ya nyuma yalikuwa mazima. Verlin akanunua mengine ya mbele. Nayo yakalika. Akalaumu joto la Arizona. Akalaumu lami ya Nebraska. Akakilaumu kiwanda, akapima upepo asubuhi na jioni, akapeleka gari kupimwa alaimenti ya magurudumu, akaambiwa yamenyooka. Waliokuwa wa kulaumiwa walipokwisha, akabaki mmoja.

"Wewe unakata kona kama unafukuza kuku," alimwambia Arlys.

"Mimi naliendesha hadi dukani na kanisani, basi. Wewe ndiye unayeliburuta nusu ya nchi."

"Gari linalovutwa halina dereva. Na lisilo na dereva halifanyi makosa."

"Na mwenye kulivuta?"

"Arlys, umesahau unaongea na nani?"

"Ningesahauje? Unanikumbusha kila siku."

Kambini karibu na Quartzsite, mji wa jangwani walikopiga kambi kila mwaka, ndiko Verlin alikopata cheo. Kila asubuhi alizunguka na kikombe cha kahawa akipiga teke matairi ya wenzake. "Hili lina upepo mdogo. Hili limezeeka, liage." Wakamwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa mzaha, na yeye aliitikia yote mawili kwa uso uleule. Lile gari jekundu alilifunika turubai hadi chini, akisema jua huharibu mpira. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona vizuri sana, ndiyo maana akalivalisha.

Mwaka wa tatu, wakirudi jangwani, walikuwa wakishuka mteremko wa Yarnell, ule wenye kona juu ya kona. Gari dogo halikuonekana kwenye vioo vya pembeni, maana basi lilikuwa pana. Kulikuwa na kamera ya nyuma, lakini Verlin aliiita kitu cha wasiojua kuendesha, akatundika kofia yake juu ya skrini.

Magari yaliyowapita yakaanza kupiga honi. Verlin akapunga mkono.

"Watu wa huku wana adabu," alisema.

Mwanamke mmoja kwenye pikapu akatoa mkono dirishani, akaonyesha kwa nguvu.

"Verlin, yule anaonyesha nyuma."

"Anaonyesha tai. Kila mtu anampenda yule tai."

"Kuna kitu kinaungua."

"Breki za lori lililotutangulia. Hawajui kushuka mlima, hawa."

Honi zikazidi, na Verlin akazidi kupunga, kwa utulivu wa mfalme anayepita katikati ya watu wake. Mwisho akatokea mzee mwenye ndevu nyeupe juu ya pikipiki, akajisogeza hadi dirishani, akapaza sauti:

"Babu! Acha kupunga! Unavuta moto!"

Walisimama kwenye kituo cha kando ya barabara. Tairi la mbele la kulia halikuwepo tena. Vilibaki vipande vilivyoning'inia kama utumbo, na rimu iliyosagwa na lami. Moshi ulikuwa unatoka, na ndimi ndogo za moto zilikuwa zinalamba chini ya bampa. Verlin alisimama ameshika kiuno. Arlys ndiye aliyekimbia kuchukua mtungi wa kuzimia moto, akanyunyiza hadi gari likawa jeupe kama limetoka Dakota mwezi wa Januari.

Ilibidi gari lifunguliwe kutoka kwenye chuma. Arlys akaingia ndani ili aligeuze kidogo. Akashika usukani, akavuta huku, akavuta kule.

"Verlin. Usukani umejifunga."

"Ndiyo, lazima ujifunge. Ufunguo ninao mimi." Akautoa mfukoni, akauinua. "Huwezi kuacha ufunguo ndani ya gari lisilo na mtu. Ni kumkaribisha mwizi."

Mkono ukabaki juu. Arlys alimtazama mumewe akifika polepole pale ambapo yeye alikuwa ameshafika.

Mzee wa pikipiki, aliyekuwa amesimama nao, akawahi kuuliza. "Subiri kwanza. Ina maana magurudumu ya mbele hayakati kona? Basi linapinda, haya yanaburutwa tu yamenyooka?"

"Miaka mitatu," alijibu Arlys.

Mzee akang'ata ndevu zake asicheke. "Pole sana, mama."

Arlys alikaa kwenye ukingo wa barabara, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea yenyewe kicheko kikiwa kimekwisha. Verlin alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akaketi kando yake.

"Ungeniambia tu," alinong'ona.

"Nilikuuliza siku ya kwanza kwa nini unachukua ufunguo. Ukaniambia habari za wizi." Akanyoosha kiganja. "Lete."

Akampa ufunguo.

"Kuanzia leo gari langu halivutwi na mtu. Naliendesha mwenyewe."

Na ikawa hivyo. Gari lilipotengenezwa mjini Wickenburg, lile basi likaenda peke yake, na Arlys akapita njia zake. Mwanzoni Verlin alimpigia simu kila mara.

"Uko wapi?"

"Nakula pai."

"Mji gani?"

"Sikusoma kibao."

Arlys alifika kambini jioni na habari: punda waliozuia barabara, mjane anayefuga mbuni, kanisa lililogeuzwa duka la viatu. Verlin alifika mapema, akiwa na habari ya kilomita ngapi kwa lita. Basi lilikuwa na viti vingi na hakuna mtu wa yeye kumwelekeza. Matairi ya gari jekundu yalianza kulika taratibu, sawasawa kila upande, na ilimwia vigumu kupata la kusema juu yake.

Siku moja, Arlys akijiandaa kuondoka, alimkuta mumewe amesimama mlangoni mwa gari, kofia mkononi.

"Leo unaelekea wapi?"

"Wapo watu wanauza maziwa ya baridi yaliyosagwa na tende. Ni mbali."

"Nikienda nawe?"

"Na basi?"

"Basi litakaa. Lina breki."

Arlys aliondoa mkoba kwenye kiti cha abiria, akautupa nyuma.

"Panda. Redio ni yangu."

Akapanda. Walipita mashamba ya mitende, wakapita reli, na Verlin akawa anatazama nje kama mtu aliyefika nchi ngeni. Mara moja tu aliuliza kama yule mwenye mbuni anaishi karibu na pale.